Misimu Kumi ya Heritier Asukulu Barafuni

Mheshimiwa Diwani wa jiji letu la Garland, uliyeacha shughuli zako za Jumamosi ukaja kuketi nasi. Baba Padri Wilfred, mwenye ukumbi huu. Mchungaji Siméon, uliyeleta waumini mabasi mawili kutoka Mesquite. Mwenyekiti wa Jumuiya yetu ya Maziwa Makuu, Mzee Tharcisse. Wachezaji mliowahi kuvaa jezi moja na Heritier, mliosafiri kutoka majimbo ambayo mimi siwezi hata kuyataja vizuri. Ndugu wageni waalikwa. Mabibi na mabwana. Na ninyi watoto wetu mnaosalimiwa Kiswahili mkajibu Kiingereza: nawasalimu nyote kwa heshima na kwa furaha.

Mheshimiwa Diwani, aliyeketi kando yako ni binti yangu Jeannette, atakutafsiria. Ukiona amekaa kimya muda mrefu, ujue mama yake amesema jambo la aibu.

Kwa wasionijua, naitwa Marie-Goretti. Mimi ni Mrundi wa Makamba, Kiswahili changu nilikichuma kambini Kigoma, na huu ni mwaka wa ishirini nawatunza wazee katika nyumba ya wazee hapa Garland. Katika jumuiya mimi ni katibu. Lakini sikuombwa kusimama hapa kwa ukatibu wangu. Nimeombwa kwa sababu kwa miaka saba nilikuwa dereva wa mtu tunayemuaga leo. Mama yake, Charlotte, dada yangu kwa mapenzi, alikuwa hajui ku-drive, na uwanja wa barafu ulikuwa njiani nikienda kazini. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nilimshusha mlangoni na mfuko wake mkubwa kuliko yeye, nikaenda kuwaamsha wazee wangu. Ndiyo maana akinitaja huniita Tantine, yaani mama mdogo, na ndiyo maana nikimtaja nina haki ya kusema ninayoyajua.

Ndugu zangu, tumekuja kumuaga mchezaji wa namna gani?

Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe ameniomba niuseme. Hatukuja kumuaga nyota. Wapo wachezaji ambao sura zao zimebandikwa kwenye mabango ya barabara kuu, ukipita na gari lako unawaona wakikutazama kutoka juu. Heritier hakuwahi kubandikwa popote. Alicheza hoki ya barafuni misimu kumi ya kulipwa, katika timu tisa, majimbo saba na nchi mbili. Alikuwa mchezaji wa kuhamahama, yule anayeitwa pale beki wa watu anapoumia, na anayeambiwa afungashe pale beki wa watu anapopona. Mechi mia tano na kumi na tatu. Magoli ishirini na moja. Mimi nilizidisha na kugawanya, nikaona ni goli moja kila mechi ishirini na nne. Nilipomwambia, akacheka, akasema, "Tantine, mimi siyo wa kufunga. Mimi ni wa kuzuia."

Basi nataka niwaeleze jinsi alivyokuwa mtu wa kuzuia, kwa sababu hakuanza hivyo, na siku aliyoamua kuwa hivyo ilimgharimu kazi.

Alizaliwa Fizi, akabebwa mgongoni akiwa na miezi mitano, mama yake akikimbia vita na kuvuka ziwa. Alikulia kambini Nyarugusu. Alipofika hapa Texas alikuwa na miaka tisa, na ilikuwa Julai. Mnajua wote Julai ya hapa. Shule ya kiangazi ikawapeleka watoto kwenye uwanja wa barafu ili wapate baridi, na huyu mmoja akakataa kutoka. Mwalimu alimtafuta akamkuta ameshika ukingo, ameanguka mpaka suruali imelowa, anaanza upya. Palikuwa na mpango wa kuwaazima watoto viatu na vifaa bure, akaandikishwa. Mama Charlotte aliponiuliza huo mchezo ni upi, nilimwambia sijui, dada, lakini angalau wanavaa kofia ngumu.

Nayapita ya utotoni haraka, kwa kuwa hatuagi mtoto hapa. Akakua, akawa mrefu wa kupita milango akiwa ameinama, akiwa na miaka kumi na sita akaondoka nyumbani kwenda kuchezea timu ya vijana kaskazini kabisa, akaishi kwa familia ya watu waliompenda. Na alipofika ishirini akapata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, ligi ya tatu. Tulifanya ibada ya shukrani. Mchungaji Siméon, wewe ndiwe uliyemwombea, na ulimwombea magoli. Ile sala bado iko njiani.

Msimu wa pili akahamishiwa timu ya mji ambao sitautaja. Kuna watu wema wengi katika mji ule. Lakini kocha wa wakati huo alimtazama kijana wetu, akaona urefu wake, akaona mabega yake, na nadhani aliona na rangi yake, akamwita ofisini, akamwambia kazi yake siyo ubeki. Kazi yake ni kupigana.

Wengine wenu hamuujui mchezo huu, ngoja niwaeleze kidogo. Wachezaji wawili wakitupa glovu zao chini, wakashikana, wakarushiana ngumi, marefa huwaacha kwa muda. Wakishatenganishwa, kila mmoja hukaa nje dakika tano, na mechi inaendelea. Mashabiki wengi wanapenda. Na zipo timu zilizokuwa na mtu wa kazi hiyo tu: anaingizwa uwanjani, anapigana, anatolewa. Heritier alikuwa na miaka ishirini na mmoja, hana mwanasheria wala baba, na aliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Akakubali. Msimu ule alipigana mara kumi na tisa. Mtangazaji alishindwa kulitamka jina lake, kwa hiyo wakampa jina jipya, Harry, na ukumbi mzima ulikuwa ukiliimba jina hilo akisimama tu kwenye benchi.

Nyumbani hakusema. Mama akimuuliza mechi zinaonyeshwa wapi, anajibu ligi ya tatu haionyeshwi. Mama akimuuliza anaendeleaje, anajibu, "Niko muzuri, Mama, kazi iko mingi."

Mpaka siku moja ya Februari, kwenye ghala la Mesquite ambako Mama Charlotte alikuwa akifunga maboksi. Mapumziko ya chakula cha mchana, kijana mmoja wa zamu yake, kijana mwema asiye na nia mbaya, akamwekea simu mbele ya sahani yake. Akamwambia kwa furaha, "Mama Charlotte, isn't this your son? Mama, he's a beast!" Yaani ni mnyama, kwa kumsifu.

Dada yangu akaangalia. Akamwona mwanawe amemkunja mtu shati, anampiga usoni, anampiga tena, damu nyekundu juu ya barafu nyeupe, na nyuma ya kioo akina baba na akina mama na watoto wao wamesimama wanapiga makofi.

Alifunika sahani yake. Akamaliza zamu yake, maana Mama Charlotte hajawahi kuacha zamu katikati. Kisha akaja hadi kazini kwangu Garland, akanisubiri kwenye parking, na nilipotoka akaniuliza swali moja tu: "Dada, uko unajua njia ya kufika kule?"

Jumatano asubuhi tukaondoka. Saa tisa za barabara. Tulipotia mafuta Oklahoma ndipo akasema, bila kunitazama, "Goretti, bale batu balikuwa banafurahia nini?" Nikafunga tangi, tukaendelea na safari.

Heritier alifungua mlango saa tisa mchana akiwa na bendeji mkono wa kulia. Mifupa miwili ya vidole ilikuwa imevunjika, na bado walikuwa wakimchezesha. Mama yake hakumsalimia. Aliushika ule mkono, akaugeuza, akaangalia juu na chini kama vile daktari, halafu akaniomba nimtafutie beseni na maji ya uvuguvugu na chumvi. Akamketisha mtu mzima wa kilo mia moja kwenye kiti cha jikoni, akamkanda mkono. Mimi nilisimama pale mlangoni, na nimeruhusiwa na wote wawili kuwaambia waliyosema.

Mama akauliza, "Huku banakuita nani?"

"Banasema Harry."

"Basi Harry abaki apigane nabo. Heritier iko anarudi na miye Texas leo."

"Mama, nikiacha kupigana watanifukuza."

"Bakufukuze! Mimi nilikubeba mgongoni nikukimbize vita. Sasa vita unaiendea na miguu yako, juu ya mushahara?"

Hapo Heritier akalia. Mnajua, mtu mkubwa akilia jikoni, jiko linakuwa dogo. Mimi nilidhani yamekwisha. Nilianza kutafuta kwa macho mifuko yake iko wapi ili nipakie garini. Lakini alijifuta, akauvuta mkono wake kutoka kwenye beseni, akasema neno ambalo hakuna mmoja wetu aliyelitarajia.

"Sirudi, Mama. Na sipigani tena. Yote mbili."

"Utakula nini?"

"Nitacheza. Nilikuja kucheza."

Nawaambieni, Mama Charlotte alikasirika kuliko alivyokuwa amekasirika kule ghalani. Alitaka mtoto wake nyumbani, na mtoto amekataa kocha, amekataa na mama. Tulirudi Dallas siku ya pili yake na kiti cha nyuma kitupu. Kwa wiki tatu hakuzungumza na mwanawe, na mimi nikawa posta baina yao: huyu mwambie hivi, yule mwambie vile.

Alhamisi ile ile tuliyorudi, asubuhi, Heritier alikwenda kwa kocha. Akamwambia: nitafanya mazoezi kuliko wote, nitacheza dakika utakazonipa, lakini sitatupa glovu tena. Kocha akamuuliza kama ameumia kichwa. Akasema hapana. Kocha akamwambia, "Then I've got no use for you, Harry." Yaani hana kazi naye tena. Kabla ya saa sita mchana kabati lake lilikuwa limeshabandikwa jina la mtu mwingine.

Vijana mlioko hapa, nisikilizeni. Ni rahisi kukataa jambo baya ukiwa na jambo jingine mkononi. Yeye alikataa akiwa na mkono uliovunjika, kodi ya nyumba imekaribia, na mama amemnunia. Mngemshauri nini siku ile? Mimi mwenyewe nilimshauri aombe msamaha kwa kocha. Ndiyo, nilimshauri hivyo, na leo mbele yenu naomba radhi.

Mwishowe alirudi hapa kwa basi, kwa sababu hakuwa na mahali pa kulala. Akapata zamu ya mchana kwenye ghala la Grand Prairie, kupakia malori. Asubuhi, mkono ulipopona, alikuwa barafuni peke yake, akifanya zoezi moja: kurudi nyuma. Beki anateleza kinyumenyume akimtazama adui usoni, na yeye aliambiwa ni mzito mno kwa kazi hiyo. Mlinzi wa uwanja aliniambia, "Your guy goes backwards for an hour." Na kila siku ya mapumziko alipiga simu. Aliziandika timu zote kwenye karatasi, akawa anapiga moja baada ya nyingine. Timu ishirini na sita. Nyingine hazikupokea. Nyingine zilipokea, zikafurahi, zikasema, tumeona video zako, tunahitaji mpiganaji! Akajibu, mimi ni beki, sipigani. Simu zikakatika. Miezi ikapita, kiangazi kikaingia, Mama Charlotte akiwa ameshaanza kumsalimia na kumpakulia chakula, lakini bila kuutaja mchezo.

Agosti ikaja habari ya Houston. Kocha mmoja mzee, Bwana Dwyer, alikuwa anaunda timu mpya ya ligi ya tatu kule Louisiana, na alikodi uwanja Houston kwa siku mbili kufanya majaribio. Walikuja wachezaji sitini. Nafasi za mabeki zilikuwa mbili. Nikaomba ruhusa kazini, nikamwendesha. Alisema anaweza kwenda na basi. Nilimwambia, nimekupeleka miaka saba, sitashindwa na Houston.

Nilikaa kwenye viti vya juu na sare yangu ya kazini na blanketi. Mkinisikia nikisema sijui mchezo huu, siku ile niliujua. Siku ya pili, kijana mmoja aliyetaka kuonekana akamfuata Heritier. Alikuwa ameziona video. Akamgonga kwa nyuma, Heritier akaanguka kifudifudi. Alipoinuka, yule kijana alikuwa ameshatupa glovu chini, amekunja ngumi, anaruka-ruka, anamwita, "Come on, Harry! Come on!" Uwanja wote ukasimama kuangalia. Makocha wakaacha kuandika.

Mimi nilishikilia kiti cha mbele yangu. Nilijua kama angetaka, yule kijana angelazwa pale pale. Na nilijua pia kuwa ndicho walichotaka wote kukiona.

Heritier akainama. Akaziokota zile glovu mbili za yule kijana, akamkabidhi. Akamwambia kitu, kisha akarudi kwenye nafasi yake. Baadaye nilimuuliza alimwambia nini. Alimwambia, "Your hands will get cold." Mikono yako itapata baridi.

Mnacheka. Na kule walicheka. Lakini Bwana Dwyer hakucheka. Alimwita ukingoni, akamuuliza kwa nini hakupigana. Heritier akamjibu, "Nimekuja kuomba kazi ya ubeki, bwana." Mzee akasema, beki anazuia shuti, twende tuone. Akampangia wapigaji watano, wenye nguvu kuliko wote. Kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa katika mchezo huu kinakwenda kasi kuliko gari langu kwenye barabara kuu. Heritier alijilaza mbele ya mashuti matano. La nne lilimpata mbavuni, nikasikia sauti kutoka kule juu nilikokaa. Alipiga magoti, akavuta pumzi, akanyanyua gongo kuonyesha yuko tayari kwa la tano.

Saa nane mchana jina lake lilibandikwa ukutani. Nikampigia Mama Charlotte simu, nikampa Heritier azungumze mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kuwa posta. Sikusikia mama alisema nini. Nilimwona tu Heritier akisema, "Ndiyo, Mama. Ubeki. Ubeki tu." Kisha akanirudishia simu, na dada yangu akaniambia, "Mulete hapa kwanza ale, halafu aende."

Ndugu wageni waalikwa, mngependa nimalizie hapo, niseme tangu siku ile mambo yakamnyookea. Hayakunyooka. Baada ya Louisiana ilikuja Idaho. Akauzwa kutoka Idaho kwenda Indiana akiwa dukani ananunua nepi za mtoto wake wa kwanza. Simu ikalia, akaambiwa ndege ni kesho. Mke wake Clarisse, huyu hapa, alifungasha nyumba peke yake akiwa na kichanga cha siku kumi na mbili. Mwaka mmoja walikaa Slovakia, katika mji wenye Mwafrika mmoja mwingine, mwanafunzi wa Ghana, wakampokea akawa ndugu wa familia. Goti lilipasuliwa mara mbili. Mara moja alivunjika mguu mechi ya kwanza ya msimu, akakaa nje mpaka Januari. Kila kiangazi alirudi Grand Prairie kwenye malori. Lakini polepole akapanda. Kutoka ligi ya tatu akaingia ya pili, na huko akabaki, kwa sababu makocha walianza kuambiana: ukitaka beki asiyelalamika, anayejua kulinda dakika za mwisho, na anayewafundisha wadogo bila kuulizwa, mpigie Asukulu.

Na miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, mabeki watatu wa timu moja ya ligi kuu wakaugua kwa wakati mmoja. Heritier akapigiwa simu saa moja asubuhi.

Jioni ile tulikuwa watu thelathini na mmoja sebuleni kwa Mama Charlotte. Kulikuwa na ugali na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, na hakuna aliyekula. Akavaa jezi namba sabini na nne, jina lake limeandikwa mgongoni, herufi zote saba: ASUKULU. Na mtangazaji, kwa mara ya kwanza, akalitamka sawasawa; nadhani mtu alikuwa amemfundisha. Mchungaji Siméon kila dakika alikuwa akiniuliza, "Mama Goretti, yetu iko wapi?" Nami namjibu, "Huyo aliyelala chini." Alizuia mashuti matatu. Alicheza dakika tisa na sekunde arobaini. Hakufunga, hakutoa pasi ya goli, timu yake ikashinda. Kesho yake asubuhi beki mmoja akapata nafuu, Heritier akarudishwa ligi ya pili. Hakuitwa tena.

Nilimpigia. Nikamuuliza, "Inauma?"

Akasema, "Inauma sana, Tantine." Kisha akaongeza, "Lakini leo tuna mazoezi saa tano. Acha nivae viatu."

Huyo ndiye tunayemuaga. Dakika tisa na sekunde arobaini mbele ya dunia, na saa zisizohesabika mahali ambapo hakuna aliyeangalia, na alizicheza zote kwa bidii ile ile. Nimewatunza wazee wengi, nimeketi nao siku zao za mwisho, mabosi na wafagizi, na sijamsikia hata mmoja akijivunia kupigiwa makofi. Wanachotaka kujua ni kama walifanya walilosema watalifanya. Heritier, ulisema jikoni kwamba hutarudi na hutapigana. Misimu minane ilifuata. Nimepitia kumbukumbu zote za ligi, maana mimi ni katibu. Ngumi ni sifuri.

Sasa, limebaki jambo moja, na ndilo aliloniomba nilitangaze, kwa sababu maneno yamezagaa. Nimeyasikia kanisani, nimeyasikia saluni, nimeyasikia kwenye WhatsApp ya jumuiya. Watu wanasema Heritier anaacha kwa sababu ya goti. Wengine wanasema hakuna timu iliyomtaka.

Si kweli. Mwezi wa tano timu moja ya Norway ilimletea mkataba wa miaka miwili. Goti lilipimwa, likakubaliwa. Nyumba ingetolewa, na shule ya watoto. Mimi nimeuona huo mkataba kwa macho yangu juu ya meza yao, na kando yake kulikuwa na barua nyingine iliyofika wiki ile ile. Barua hiyo ilikuwa ya Clarisse. Amekubaliwa chuo cha uuguzi hapa hapa Dallas, miaka miwili, baada ya kuomba mara tatu. Mara ya kwanza alikubaliwa, wakahamia Indiana. Mara ya pili alikubaliwa, wakahamia Slovakia. Clarisse hakuwahi kumwambia mtu yeyote katika ukumbi huu, hata mama mkwe wake. Heritier alijua ile ya kwanza tu; ya pili hakuijua, mpaka alipoikuta barua ya zamani akitafuta vyeti vya watoto.

Alinijia kazini siku ile. Tuliketi kwenye benchi la nje, mahali wazee wanapoota jua. Akaniambia, "Tantine, nimemhamisha mara sita na hakuna siku alisema hapana." Nikamuuliza, "Na wewe unataka nini? Norway unaitaka?" Akasema, "Naitaka. Usiku na mchana naitaka." Halafu akainuka, akaenda nyumbani, akawapigia Wanorway akawashukuru, akawaambia hapana.

Hakuna aliyemsukuma. Clarisse aliposikia alimbishia siku nne, awapigie tena. Alimwambia nenda, mimi nitasoma baadaye. Akamjibu kuwa baadaye imekwisha kutumika.

Kwa hiyo, Clarisse binti yangu, simama watu wakuone. Simama, usijifiche nyuma ya Mama Charlotte. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi unaingia darasani. Mimi nitakupitia siku za mvua, njia ni ile ile ya kazini kwangu. Na walimu wa shule ya watoto, kama mmefika, andikeni: kuanzia Jumatatu mtoto akipata homa, akianguka, akisahau chakula, anayepigiwa simu ni baba yake. Asubuhi atakuwa akifundisha mabeki kwenye uwanja wa barafu, na saa nane na nusu atakuwa getini. Namba yake iko mezani kwa Jeannette.

Mheshimiwa Diwani, wachungaji wetu, wazee wetu, wageni wetu, nawashukuru kwa kuja na kwa subira yenu. Heritier, kwa niaba ya jumuiya nzima, umefanya kazi na tumeiona. Mama Charlotte, ulimbeba vizuri, dada. Na kwa kuwa mmenitegea masikio muda wote huu chakula kikiwa kinanukia, sina cha kuwalipa ila kuketi. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Tumpigie Clarisse makofi, halafu tule.